Nangwanda Sijaona: Mtu Kabla ya Uwanja

Mtwara ni mji wa juzi. Mikindani, jirani yake, ilikuwa bandari ya majahazi tangu zamani, na ndiko mpelelezi Livingstone alikoanzia safari yake ya bara mwaka 1866. Mtwara ilijengwa na Waingereza baada ya 1947, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulikufa 1951, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, gati likabaki.

Uwanja wa mpira wa mji huu unaitwa Nangwanda Sijaona, na vijana wengi wanaoingia humo hawamjui mwenyewe. Lawi Nangwanda Sijaona alikuwa Mmakonde wa Newala, juu uwandani, ambako mchanga haushiki maji. Akina mama wa enzi hizo waliteremka magenge kwenda kuchota, wakapanda tena na mitungi kichwani, nyuso zimechanjwa nembo, pambo la ndonya limechomekwa kwenye mdomo wa juu.

Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Rais Nyerere akaunda wizara mpya kabisa, ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akamkabidhi Sijaona. Ngoma zilizodharauliwa na wakoloni sasa zilikuwa na waziri wake.

Lakini jina lake lilivuma hasa 1968, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Oktoba mwaka huo umoja ulipitisha Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua marufuku. Hata siku yenyewe haijafika, wasichana walishavamiwa Kariakoo, Dar es Salaam, na magazeti yakajaa barua za kuunga mkono na za kupinga.

Kuhusu krimu, namuunga mkono mpaka leo. Kwa mengine, najiuliza: suti na tai za viongozi zilitoka kwa babu yupi? Na ndonya ya bibi wa Newala ingepita mtihani wa heshima uliowekwa mjini? Kazi iliyoanza kwa kurudisha ngoma haikupaswa kufika kwenye kupima magoti ya wasichana sokoni.

Newala kuna sekondari ya Nangwanda, na Ndanda FC, iliyocheza kwenye uwanja huo wa Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, redio zililitangaza jina la Sijaona nchi nzima. Wazee waliokuwa naye TANU wanapungua. Mwenye babu Newala amketishe sasa, amuulize, aandike.