Undugu wa Lugha: Kifipa na Majirani Zake

Wasikilizaji wangu, wako watu wanaosema ya kuwa Kifipa ni Kiswahili kilichoharibika. Wako na wengine wasemao ya kuwa Kiswahili chenyewe ni mtoto wa Kiarabu. Maneno haya husemwa barazani na hata shuleni, na mtoto ayasikiapo huona haya kunena lugha ya mama yake. Basi leo natuyapime. Watu ambao wazee wao hawakuandika vitabu wamewekewa sehemu kubwa ya historia yao katika lugha, na ushahidi ukisomwa vibaya, hukumu nayo huharibika.

Kwanza natuulize: lugha mbili hupataje kuwa ndugu? Je, ni kwa watu wake kutawalana, au kwa kufanana katika jambo moja? Mfano uko mbali kidogo. Katika karne ya 13 Wamongolia, watu wa farasi na nyika za Asia, waliishinda nchi ya Georgia iliyo katika milima ya Kaukasi, wakaitoza kodi miaka mingi. Lakini Kigeorgia hakikugeuka Kimongolia, wala lugha hizo si za ukoo mmoja. Tena, kitenzi cha Kigeorgia huweza kubeba ndani yake alama ya mtenda na ya mtendwa, kama sisi tusemavyo "nimemwona". Kitenzi cha Kimongolia hakibebi alama hizo. Kwa jambo hili Kigeorgia chafanana na Kiswahili kuliko na Kimongolia! Lakini hapana atakayesema kwamba Kigeorgia na Kiswahili vilizaliwa nyumba moja. Basi utawala haufanyi undugu, wala mfanano mmoja hautoshi.

Ushahidi ulio imara ni huu: maneno ya siku zote, kama mtu, kichwa, chakula, yakilinganishwa, na tofauti zake zikafuata kanuni. Mfipa husema umuntu, na Mbemba wa Zambia husema umuntu. Mswahili husema mtu. Mbemba husema icintu. Mswahili husema kitu. Twaona ya kuwa penye nt huko, Kiswahili kina t. Tena Mbemba huita ugali ubwali, na upinde huuita ubuta. Mswahili ana wali na uta. Sauti b imeanguka, na wali umekuwa chakula cha mchele. Neno moja laweza kuazimwa, bali kanuni ipitayo katika maneno mengi haiazimwi.

Hata jina la mji wetu ni shahidi. Sumbawanga, kama wazee wafasirivyo, maana yake ni "tupa uchawi": kusumba ni kutupa, na uwanga ni uchawi. Mbemba naye huita dawa ya uganga ubwanga, na katika Kiswahili mwanga ni mchawi wa usiku. Na kichwa Mfipa hukiita umutwe, kama Mbemba, na Mganda husema omutwe; huko Mombasa na Lamu wenyeji husema kitwa.

Ama Kiarabu, ni kweli Kiswahili kimeazima kwake maneno mengi. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu. Lakini moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni yetu. Neno kitabu limetoka kwa Waarabu, ambao wingi wake huuita kutub. Mswahili alilivika mavazi yake, akasema vitabu. Mgeni alipoingia nyumbani alifuata desturi za mwenye nyumba.

Mtaalamu Wilhelm Bleek ndiye aliyeeneza jina "Bantu" kwa ukoo huu katika kitabu chake cha mwaka 1862. Mwaka 1948 Malcolm Guthrie alikiweka Kifipa katika kundi moja na Kimambwe na Kilungu, katika eneo moja na Kibemba. Kiswahili alikiweka kwingine. Kwa hiyo Kifipa na Kiswahili ni ndugu wa mbali kidogo, na hapana aliye mama wa mwenziwe.

Lakini tujihadhari. Wasandawe wa upande wa Kondoa na Wahadza wa Ziwa Eyasi, wote wawili, hunena kwa sauti za kualisha ulimi. Mwaka 1963 Joseph Greenberg aliwaweka katika ukoo mmoja. Wataalamu wengi waliofuata, wakiyalinganisha maneno yenyewe, wameona Kihadza husimama peke yake. Sikio lilidanganyika, kanuni ikasahihisha.

Tena undugu wa lugha si undugu wa damu. Wangoni wa Zwangendaba walitoka kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika Ufipa, na hapa ndipo mfalme wao alipofariki katika miaka ya 1840. Kisha watu wake wakatawanyika. Huko Malawi wajukuu wao wengi walishika Kitumbuka na Kichewa, lugha za watu waliowashinda. Vivyo hivyo masimulizi ya Ufipa husema Watwa, watawala wa Nkansi na Lyangalile, walikuja kama wageni. Lakini wazao wao walitawala kwa Kifipa. Mkuki ulishinda nchi, na lugha ya jikoni ikamshinda mwenye mkuki.

Basi, wanafunzi, atakayewaambia kuwa Kifipa ni Kiswahili kibovu, mjibuni kwa ushahidi. Chukueni daftari, mpige mistari miwili. Upande mmoja andikeni neno la bibi, upande wa pili neno la Kiswahili. Ulizeni majina ya viungo vya mwili, ya vyombo, ya mimea, ya kazi za shamba. Fanyeni hivyo wazee wangalipo, kwa maana neno lisiloandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe, na shahidi aliyezikwa haitwi tena barazani.