Chakula cha Redio Katika Kariakoo ya Zamani

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwasimulia habari za kitu ambacho mwenye redio hakukikumbuka ila siku kilipokwisha, nacho ni chakula chake, yaani nguvu ya umeme.

Jina la Kariakoo, kama wengi mjuavyo, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliopiga kambi mahali pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Wakati huo umeme ulikuwa umekwisha kuingia Dar es Salaam, tangu zamani za Wadachi, mwaka 1908. Lakini uliwekwa kwa ajili ya karakana za reli na nyumba za wakubwa. Mwaka 1931 kazi hiyo ilitiwa mikononi mwa makampuni, na hata hivyo nyumba nyingi za udongo ziliendelea kuwasha taa za mafuta. Basi si ajabu kwamba gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono ilipendwa sana: haikudai waya wala betri.

Redio ilikuwa na tabia nyingine. Ndani yake mlikuwa na valvu, vyombo vya kioo vilivyofanana na taa ndogo, na kila valvu ilidai chakula cha namna mbili: umeme mdogo wa kuupasha moto uzi wake, na umeme mkubwa wa kuzivuta chembe za umeme kutoka katika uzi huo. Mwaka 1949 ilitokea redio ya bei nafuu iliyoitwa Saucepan Special, kwa kuwa umbo lake lilikuwa la sufuria. Huko Rhodesia ya Kaskazini iliuzwa paundi 5, na betri yake shilingi 25, nayo ilidumu kadiri ya saa 300. Hebu mpige hesabu: mtu akisikiliza saa 3 kila usiku, siku ya mia nyumba imenyamaza, naye hana budi kutafuta shilingi 25 nyingine. Kwa mtu wa mshahara mdogo, jambo hilo halikuwa dogo.

Aliyekuwa na waya nyumbani alikuwa na shida yake. Umeme wa mjini hugeuka-geuka mara 50 kila sekunde, na valvu hutaka ule utiririkao upande mmoja. Kwa hiyo transfoma huubadili kimo chake, valvu nyingine huunyosha, kisha kapasita huulainisha kama mtungi uyapokeavyo maji ya vishindo na kuyatoa taratibu. Kapasita ikizeeka, mvumo huingia. Na ukiingia katika valvu ya kwanza, ile ikuzayo sauti changa ya sindano ya gramafoni, valvu zifuatazo huukuza pamoja na wimbo.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, haikuhitaji uzi wa moto. Redio zake zilipoenea katika miaka ya 1960, betri za tochi zilitosha, na mtu aliweza kuzinunua moja moja.