Kuitoa kaboni tanuruni

Mtapo wa chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni. Ndani ya tanuru, makaa hufanya kazi mbili: hutoa joto, na gesi yake huing'oa oksijeni hiyo na kutoka nayo ikiwa hewa ukaa. Kwa hiyo kila aliyepunguza makaa alipunguza hewa ukaa pia, hata pale nia yake ilipokuwa kubana gharama tu.

Hatua kubwa ilipigwa Glasgow, Uskoti. Wenye matanuru walikuwa wameona kwamba kazi huenda vizuri zaidi majira ya baridi, wakaamini siri ni ubaridi wa hewa inayopulizwa. Baadhi yao walipaka mitambo ya hewa rangi nyeupe na kuipitisha hewa juu ya maji baridi ili ipoe zaidi. Kumbe siri ilikuwa ukavu wa hewa ya majira hayo. James Beaumont Neilson, meneja wa kiwanda cha gesi cha mji huo, alifanya kinyume chao: aliipasha hewa moto kabla haijaingia tanuruni, akapata hataza mwaka 1828. Kwenye matanuru ya kiwanda cha Clyde, tani moja ya chuma iliyokuwa ikila tani 8 za makaa ya mawe ikawa inakula tani 5 na ushei, na baadaye chini ya 3.

Huenda wazo hilo halikuwa geni. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walitoa hoja kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walipasha hewa moto karne nyingi kabla ya Neilson, kwa kuingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuru. Wataalamu wengine wameipinga hoja hiyo, lakini ustadi wa wahunzi wenyewe hauna ubishi.

Nafuu ya Uskoti ilizaa balaa lake. Mwaka 1865 mchumi William Stanley Jevons alionyesha kwamba makaa ya kila tani ya chuma yalipungua hadi chini ya theluthi, ilhali matumizi ya Uskoti nzima yaliongezeka mara kumi kati ya 1830 na 1863. Chuma kilikuwa rahisi, kikahitajiwa zaidi.

Kubana makaa, basi, hakukutosha. Ilibidi kaboni yenyewe ipishe. Monterrey, Meksiko, mwaka 1957, kiwanda cha Hylsa kilianza kung'oa oksijeni kwa gesi asilia, mtapo ukiwa bado mgumu bila kuyeyushwa. Kaboni ilipungua, haikwisha. Mwaka 2021, huko Luleå, Uswidi, mradi wa HYBRIT ulitumia hidrojeni iliyotengenezwa kwa umeme usiotokana na makaa wala mafuta. Hidrojeni ikikutana na oksijeni ya mtapo, kinachotoka ni mvuke wa maji. Chuma hicho kisha huyeyushwa katika tanuru la umeme. Mzigo umehamia kwenye umeme: tani moja ya chuma huhitaji zaidi ya kilo 50 za hidrojeni, na kuitenga kwenye maji kunakula umeme mwingi.