Kutoka Nane Hadi Moja na Nusu: Maji ya Arusha na Meno ya Watu Wake

Mtu aliyekulia Arusha akifika Dar es Salaam, Mbeya au Mwanza, huweza kutambuliwa kwao ni wapi kabla hajajitambulisha. Anacheka tu, na aliyekaa mkabala naye anauliza: "Kwenu Arusha, eeh?" Kilichomtaja ni meno. Kwa wengine ni mistari myeupe kama chaki iliyopita juu ya jino. Kwa wengine ni madoa ya njano. Kwa wengine ni kahawia iliyokolea hadi jino limechimbika vishimo. Mswaki hauondoi, wala magadi, wala mkaa. Rangi hiyo haikupakwa juu ya jino. Imo ndani yake, iliingia wakati jino likijengwa chini ya ufizi, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka minane. Ndiyo maana mtu mzima anayehamia Arusha kikazi anaweza kuishi huko miaka thelathini na meno yake yakabaki vile vile, ilhali mwanawe aliyezaliwa huko anaota meno yenye rangi.

Jina la kitu hicho ni floraidi. Haina rangi, harufu wala ladha. Katika historia ndefu ya binadamu kuogopa maji machafu, tumezoea kumtafuta mkosaji kwenye choo, kwenye dampo, kwenye kiwanda. Arusha mkosaji ni mlima.

Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, ni volkano ambayo ilitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukamwaga vifusi hadi nyika za chini. Vilima vidogo vidogo vinavyoonekana leo kuzunguka maziwa ya Momella ni mabaki ya poromoko hilo. Miamba yake ina sodiamu na floraidi nyingi na kalsiamu kidogo, na hapo ndipo shida inapoanzia. Pale maji yanapokuwa na kalsiamu ya kutosha, floraidi hushikana nayo ikaganda na kubaki mwambani. Kalsiamu ikikosekana, floraidi husafiri na maji. Na kadiri maji yanavyokaa ardhini, ndivyo yanavyozidi kuikusanya. Chemchemi changa za juu mlimani zina floraidi kidogo. Visima virefu vya chini vina nyingi. Maziwa ya Momella, ambayo hayana pa kutokea ila kwenda hewani, yamepimwa na kukutwa na mamia ya miligramu kwa lita.

Wameru na Waarusha wa zamani walikaa juu, kwenye ubavu wa kusini, wakateremsha maji ya vijito kwa mifereji hadi mashambani na majumbani. Sidai kwamba waliijua floraidi. Ila waliishi karibu na maji machanga, na nyika za chini waliziacha kwa malisho. Rangi ya maji waliiona. Barabara ya Moshi inapita mahali paitwapo Maji ya Chai, na jina halihitaji mkalimani. Upande wa kaskazini wa mlima kuna Ngarenanyuki, jina ambalo kwa Kimaasai ni maji mekundu. Ndiko huko serikali ya kikoloni ilikowaondoa Wameru mwaka 1951 ili ardhi iwe ya walowezi, na Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuitetea. Ardhi hiyo yenye kesi iliyovuma duniani ina mto ambao floraidi yake hupita miligramu 10 kwa lita. Shauri la ardhi lilipata wakili; la maji halikuwa hata na jina.

Jina lilikuja kutoka mbali. Mwaka 1901 daktari wa Kimarekani J. M. Eager, aliyekuwa Naples akiwakagua wahamiaji, aliandika kuhusu watu wa upande wa Pozzuoli wenye meno meusi. Pozzuoli nako ni ardhi ya volkano. Mwaka huo huo daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua shughuli zake Colorado Springs, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia na hakuna kitabu kilichoeleza sababu. Alimaliza miaka thelathini akiitafuta. Kuna waliomwambia ni nyama ya nguruwe, kuna waliosema ni maziwa. Mwaka 1923 wazazi wa Oakley, Idaho, walimweleza jambo moja zito: madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji moto. Aliwashauri waliache bomba hilo. Waliliacha, na watoto waliokuja baadaye wakaota meno meupe.

Kilichokuwa ndani ya maji hakikujulikana hadi 1931, pale mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA alipopima maji ya Bauxite, mji wa migodi ya kampuni hiyo huko Arkansas. Kampuni ilikuwa na hofu yake yenyewe: watu walianza kusema sufuria za aluminiamu ni sumu, na ikiwa mji wake una watoto wenye meno ya kahawia, nani angeamini kwamba sufuria hazihusiki? Vipimo vikaonyesha floraidi nyingi. Baada ya hapo H. Trendley Dean akazunguka miji ya Marekani akilinganisha meno na maji, akagundua kwamba kiasi kidogo, kama miligramu 1 kwa lita, huzuia meno kuoza bila kuyaharibu rangi. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kwenye maji ya bomba kwa makusudi.

Hapo kuna kichekesho ambacho kwa mtu wa Arusha hakichekeshi. Wenzetu walibishana miaka na miaka, hadi mahakamani, juu ya haki ya serikali kuwatilia miligramu moja. Sisi mlima ulikuwa ukitutilia tano, kumi, ishirini, na hakuna aliyetuuliza.

Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha makala kuhusu Mkoa wa Kaskazini wa Tanganyika, wakionyesha kwamba tatizo halikuishia kwenye meno. Kwa watu waliokunywa maji hayo maisha yao yote, mifupa nayo ilikuwa imebadilika. Floraidi ikizidi sana mfupa huwa mzito lakini usio imara, uti wa mgongo na viungo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Mtaani kila mguu uliopinda huitwa matege, na mama huambiwa hakumlisha mtoto vizuri.

Kisha yakaja maamuzi mawili ambayo kwa kawaida hayasimuliwi pamoja, nami naona ni sharti yasimuliwe pamoja. Mwaka 1971 Tanzania iliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini angepata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa ahadi kubwa, nami ni katika wanaoamini ilitolewa kwa moyo safi. Mwaka 1974 ukatoka mwongozo wa ubora wa maji, na kwenye floraidi nchi ikajiwekea kiwango cha muda: miligramu 8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani baadaye, katika mwongozo wake wa 1984, liliweka 1.5, na hapo pamebaki hadi leo. Nane ilitoka wapi? Haikutoka kwenye mfupa wa mtu. Fikiria mwenyewe: ungeweka moja na nusu mwaka ule, ungefunga vyanzo vingapi vya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga, na ungewapa watu nini badala yake? Kisima chenye floraidi hudhuru taratibu kwa miaka. Dimbwi la ng'ombe huua mtoto kwa kuhara wiki hii. Aliyeandika nane alichagua kati ya mabaya mawili, na simlaumu kwa uchaguzi huo. Ninacholaumu ni neno la muda, kwa kuwa muda huo ulipita miongo. Kiwango kilishuka hadi 4, na ni juzi tu, kwa viwango vya 2018, kilipofika 1.5. Watu watatu wa ukoo mmoja, bibi, mama na mjukuu, kila mmoja utotoni mwake, wangeweza kunywa bomba lile lile lenye miligramu 5: bibi maji yake yakiitwa salama, mama yake yakiwa yamezidi kidogo, mjukuu yake yakiwa zaidi ya mara tatu ya kinachoruhusiwa. Maji hayakubadilika.

Elimu ya afya nayo ilikuwa ikifundisha vita vingine. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu karibu milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza, na tukafundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Kipindupindu kilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1970, somo la kuchemsha likakolea kabisa. Ni somo sahihi kwa wadudu. Kwa floraidi ni kinyume: maji yakichemka mvuke huondoka, floraidi hubaki, na kilichosalia sufuriani kimekolea zaidi ya kilichotiwa. Klorini haiigusi. Mtungi hauizuii. Mama aliyefuata kila alichoambiwa kwenye redio alimkabidhi mwanawe kikombe kisicho na kijidudu hata kimoja na chenye floraidi zaidi. Halafu jioni akaunga maharage au makande kwa magadi ili yaive haraka. Magadi yanayochimbwa ukanda huu yana floraidi yake, kiasi kwamba watafiti wamekuta meno yenye madoa hata kwenye vijiji ambavyo maji yake si mabaya.

Kuiondoa inawezekana. Ngurdoto, pembeni ya barabara ya Moshi, kuna kituo cha utafiti cha serikali cha kazi hiyo, na mwaka 1995 ndipo wataalamu wa nchi mbalimbali walipokutana kulijadili tatizo hili. Ilijaribiwa njia ya Nalgonda, iliyotoka India: unatia shabu na chokaa kwenye ndoo, unakoroga, unaacha matope yatulie, unachota ya juu. Ni rahisi, ila maji yenye floraidi nyingi sana hayatakasiki vya kutosha, na nani atakoroga ndoo kila siku ya maisha yake? Njia iliyoshika zaidi ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto wa kadiri, husagwa, maji hupitishwa humo. Mfupa mfu hufanya kile kile ambacho mfupa hai ungefanya: unainasa floraidi na kubaki nayo. Jimbo Katoliki la Nakuru, upande wa Kenya wa bonde hili hili la ufa, lilifanya kazi kubwa ya kuutengeneza na kuusambaza. Swali la mifupa ni ya mnyama gani huulizwa, na ni haki liulizwe. Gumu zaidi ni jingine: mkaa ukishashiba huacha kunasa, na kwa macho hutajua. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, alishinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi kwa chujio la mchanga na nanoteknolojia linalorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini chujio humlinda mwenye chujio.

Mji wenyewe ulikuwa ukikua kuliko chemchemi zake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 617,000 jijini. Kila mtaa mpya ulimaanisha kuchimba kisima kirefu zaidi, na kisima kirefu zaidi ni maji ya zamani zaidi. Mamlaka ya maji ikawa inachanganya maji ya visima na ya chemchemi ili wastani ushuke. Jawabu kubwa lilikuja na mradi uliojulikana mitaani kwa bei yake, mradi wa bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa 2015: visima vipya, vingine vikiwa nje ya mkoa, wilayani Hai, na lengo la kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Kilichobadilisha hali si mtambo wa kuondoa floraidi bali umbali. Kama Oakley ya 1923, unaliacha bomba baya na kutafuta jingine. Huko Hai kwenyewe si kila maji ni mema. Utafiti uliochapishwa 2013 ulieleza watoto wenye miguu iliyopinda kwa floraidi kusini-magharibi mwa wilaya hiyo hiyo.

Majibu ya maabara ya mamlaka hutoka kwa miligramu. Majibu mengine yatatoka polepole. Meno ya mbele ya kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hadi minane, kwa hiyo waliozaliwa wakati mabomba mapya yakianza kutiririsha maji ndio kwanza wanayaota. Mwalimu wa darasa la pili atakayewaambia wacheke wakati wa picha ya shule atayaona kabla ya mkemia yeyote.