Daniel Freeman

Daniel Freeman (1826–1908) alikuwa mkulima wa Nebraska, Marekani, anayetajwa miongoni mwa walowezi wa kwanza kabisa kuomba shamba chini ya sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Sheria hiyo ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo miaka 5, ajenge nyumba na kulima. Ilipoanza kutumika, tarehe 1 Januari 1863, Freeman aliandikisha ombi lake mjini Brownville muda mfupi baada ya saa sita usiku.

Ardhi yenyewe haikuwa pori lisilo na wenyewe. Waoto na Wamissouria, makabila ya wenyeji, walikuwa wameiachia serikali kwa mkataba wa 1854, na historia ya Freeman haikamiliki bila wao.

Mwaka 1865 alimwoa Agnes Suiter wa Iowa, aliyewahi kuchumbiwa na ndugu wa Freeman aliyefariki wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walilea watoto shambani, karibu na mji wa Beatrice.

Alikuwa mtu wa msimamo: alipinga mafundisho ya Biblia katika shule ya umma, na mwaka 1902 Mahakama Kuu ya jimbo ikakubaliana naye.

Alifariki Desemba 1908, akazikwa shambani kwake. Tangu 1936 shamba hilo ni hifadhi ya taifa.