Muziki wa Harusi na Istilahi Zake

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wafasiri ni lugha ya tafrija za harusi. Katika fomu za kukodi kumbi na katika ratiba za kamati, twasoma "uchaguzi wa muziki" kana kwamba jambo hilo ni moja na limekuwapo tangu kale. Historia ya maneno yenyewe yatuonyesha vingine.

Zamani katika pwani yetu mwenye harusi hakuchagua muziki, aliita watu. Ngoma iliitwa, nayo ikaja na wapigaji, waimbaji na nyimbo zake. Wanawake waligonga pembe za vugo, wakaimba waliyotaka bibi arusi na jamaa zake wayasikie. Neno ngoma lilibeba chombo, mchezo na mkutano wenyewe, wala wasemaji hawakupata taabu. Taabu ilianza mijini wakati wa ukoloni, ngoma ilipohitaji kibali: karani aliandika neno moja kwa mambo ambayo wenyewe waliyatofautisha kwa majina. Beni, iliyozuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, na dansi, iliyoshamiri Dar es Salaam katika miaka ya 1930, zilikuja na majina ya kigeni yaliyokwisha kuwa ya Kiswahili.

Taarabu ilikuwa na utaratibu wake. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo lahusu msisimko unaoletwa na muziki. Huko Unguja huhusishwa kwanza na kasri ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kisha na vyama kama Akhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliiimba kwa Kiswahili hata ikawa mali ya watu wa kawaida. Taarabu hualikwa, na msikilizaji huketi. Lakini aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji na kumtunza kwa fedha. Kutunza huko si kulipa, kwani mwenye harusi alikwisha kulipa. Kwa tuzo ile mgeni huufanya ubeti kuwa maneno yake mwenyewe, na anayelengwa, akiwapo ukumbini, hujua. Basi uteuzi ulikuwa mikononi mwa wageni, tena hadharani. Mfasiri aandikaye "bakshishi" mahali pa tuzo ameupoteza ugomvi mzima.

Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi santuri. Tangu zama hizo wimbo uliweza kufika harusini bila mwimbaji wake, na hapo ndipo swali la kuteua lilipozaliwa: nani ashike rundo la santuri, na ipi itangulie? Jina santuri asili yake ni ala ya nyuzi, likahamia kwenye sahani na mashine yake. Kinanda nacho kilipita njia hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo hatuoni kosa katika "mcheza santuri", istilahi itumiwayo sana Kenya kwa yule ambaye vijana humwita dijei. Wapo wanaoipinga kwa hoja kwamba santuri zimeadimika na nyimbo sasa hukaa katika kompyuta. Neno lililokwisha kuhama mara mbili laweza kuhama mara ya tatu. "Mpiga muziki" haifai, maana yamchanganya na mpiga gitaa. "Mapokezi" nayo, kwa maana ya tafrija, tungependa iachwe: karani wa mapokezi yuko ofisini, na mapokezi ya mgeni huishia mlangoni.

Kwa fomu za kumbi, basi, twapendekeza nafasi mbili: moja ya kikundi kinachoalikwa au bendi inayokodiwa, na nyingine ya nyimbo zilizoteuliwa zichezwe na mcheza santuri. Tuzo isipewe nafasi katika fomu yoyote.