Majina ya Wagonjwa na Waliowauguza

Historia ya huduma ya afya si ya majengo peke yake. Maneno nayo yana historia. Wamisionari wa Berlin walipofika pande za Ziwa Nyasa mwaka 1891, Kiswahili kilikuwa tayari na neno mganga, litokanalo na kuganga, yaani kufunga na kuunga kilichovunjika. Wakristo wengi walilionea shaka kwa ajili ya ramli na hirizi, na Biblia ya mwaka 1952 humwita Luka tabibu. Serikali haikuona haya hiyo: mpaka leo wilaya ina Mganga Mkuu wake.

Biblia hiyo hiyo humwita Naamani mtu mwenye ukoma, lakini Simoni wa Bethania akabaki Simoni mkoma. Tofauti ni ndogo kwa herufi, kubwa kwa mwenye jina: mmoja ana ugonjwa, mwingine amegeuzwa kuwa ugonjwa wenyewe.

Jambo hilo lilirudi kwa uchungu na UKIMWI, uliotambuliwa kwanza nchini mkoani Kagera mwaka 1983. Katika nchi hii ya Songwe, Tunduma ni mji wa mpakani penye barabara kuu na reli ya TAZARA, na msafiri huja na alicho nacho. Mitaani ilisemwa fulani ana ngoma, au amekanyaga waya. Kicheko kilichomzika mtu akiwa hai. Makanisani likatumika neno waathirika. Lilikusudiwa kwa huruma, lakini lilimweka kundi moja aliye mahututi na mwenye nguvu za kulima. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, aliyekuwa akibebwa alirudi shambani na kwayani, naye akaendelea kuitwa mwathirika. Afadhali jina refu la watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa ndani yake mna kuishi. Mwaka 2008 sheria ikapiga marufuku unyanyapaa.

Nesi na daktari walipewa vyeo. Muuguzi wa nyumbani hakupewa, ingawa jina lake ndilo lenye kina: kuuguza kumezaliwa na kuugua, kana kwamba amhudumiaye mgonjwa huugua pamoja naye. Mama asiyeonekana kwenye kipindi cha wanawake husemwa tu kwamba anauguza, wala hakuna aulizaye zaidi. Wenzake hupanga zamu ya kumpelekea kuni na maji.